Kusuka Upya Onyesho la Hadithi: Kinachobadilika Kwanza, Lugha Baadaye

Waandishi wenzangu, wahariri, na walimu wa fasihi mliokaa huko nyuma, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie uandishi wa riwaya na hadithi fupi. Mada hiyo ni pana mno kwa asubuhi moja, kwa hiyo nitachukua sehemu moja tu: onyesho, na hasa kazi ya kulirudia baada ya rasimu ya kwanza.

Nikisema onyesho nina maana ya kipande cha hadithi kinachotokea mahali pamoja, kwa muda usiokatika, mbele ya macho ya msomaji. Mtu anaingia na haja yake, anakutana na kizuizi, na anapotoka kuna jambo limebadilika. Amepata, amekosa, amejua alilofichwa, au ametamka neno ambalo hawezi kulimeza tena. Katika miswada inayofika mezani kwa wahariri, badiliko hilo ndilo linalokosekana mara nyingi kuliko yote. Watu wanakutana, wanaongea kurasa nne, wanaagana, na hadithi imebaki palepale. Lugha inaweza kuwa tamu na methali zimekaa vizuri, lakini msomaji haoni sababu ya kufungua ukurasa unaofuata.

Ndiyo maana nasisitiza sana mpangilio wa kazi. Wengi wetu tukirudia rasimu tunaanza na sentensi: tunabadilisha neno hili, tunaondoa koma ile. Kazi hiyo inatia moyo kwa sababu matokeo yake yanaonekana haraka. Hasara yake ni kwamba ukishaipamba aya kwa siku tatu huwezi tena kuifuta, hata kama onyesho zima halina kazi katika hadithi. Anza na kinachobadilika. Lugha iwe ya mwisho.

Njia ninayoipendekeza ni hii. Chukua karatasi, uorodheshe maonyesho yako yote, mstari mmoja kwa kila moja. Hadithi fupi ya maneno 3,000 itakuwa na mawili hadi matano. Riwaya ya maneno 60,000, kama kila onyesho lina maneno 1,000 hadi 1,500, itakuwa na arobaini hadi sitini. Katika kila mstari jibu mambo matatu: nani anataka nini, nani au nini kinamzuia, na mwishoni kimebadilika nini. Usijibu kwa kufungua mswada. Jibu kwa kumbukumbu. Onyesho ambalo wewe mwenyewe uliyeliandika hukumbuki limebadilisha nini, msomaji hatalikumbuka pia.

Jihadharini na jibu la aina ya “anataka furaha” au “anataka haki”. Haja ya onyesho inatakiwa iwe kitu ambacho mtu aliyekaa pembeni angeweza kuona kama kimepatikana au hakikupatikana: ufunguo, saini, nauli ya kurudi, mtu kutamka “nisamehe”, mlango kufunguliwa. Haki ni mada ya riwaya nzima. Ndani ya chumba kile, saa ile, mhusika anataka karatasi.

Tuangalie mfano. Nimeutunga kwa ajili ya leo, na nimeujaza makosa yanayojirudia katika miswada mingi.

“Jua la utosi lilikuwa likiwaka kwa ukali na upepo mwanana ulikuwa ukivuma kutoka baharini. Rehema alishuka kwenye basi pale Pangani akiwa amechoka sana. Alitembea hadi nyumbani kwa baba yake mkubwa, Mzee Sefu. Alipiga hodi akakaribishwa.

‘Shikamoo, baba.’

‘Marahaba, mwanangu. Hujambo? Habari za Dar es Salaam?’

‘Nzuri, baba. Za hapa?’

‘Salama tu. Karibu sana.’

Rehema alihisi hofu moyoni. Alijua kwamba baba yake mkubwa alikuwa mkali, na kwamba tangu baba yake mzazi afariki miaka miwili iliyopita, yeye ndiye aliyekuwa akivuna nazi za shamba lao bila kuwapa chochote.

‘Baba, nimekuja kuhusu shamba la marehemu. Tunataka karatasi zetu.’

‘Unasema nini wewe mtoto? Shamba lile ni la ukoo!’ Mzee Sefu alifoka kwa hasira.

Rehema alilia sana, akaondoka akiwa na huzuni kubwa. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.”

Hakuna kosa la sarufi hapo, na mwalimu wa insha angetoa alama nzuri. Lakini hadithi imeanza kwa jua na upepo visivyomhusu mtu yeyote, ikapita kwenye salamu nne ambazo kila mmoja wetu angeweza kuzijaza mwenyewe, na tunaijua haja ya Rehema tukiwa tumeshavuka nusu ya safari. Historia ya shamba imesimuliwa na msimulizi aliyesimamisha hadithi ili atupe taarifa. Hasira imetajwa mara mbili, kwa “alifoka” na kwa “kwa hasira”. Mwisho tumepewa methali, kana kwamba hatukuelewa.

Kasoro kubwa zaidi, hata hivyo, ni Mzee Sefu. Hataki kitu. Yupo ili akatae. Mhusika aliyewekwa kuwa ukuta humgeuza na mwenzake kuwa kichwa kinachougonga ukuta, na ndiyo maana Rehema hakubakiwa na la kufanya ila kulia. Kabla ya kugusa sentensi hata moja, jiulize: Mzee Sefu anataka nini siku hiyo? Tuseme anataka Rehema aondoke akiwa ameridhika, amepewa zawadi, ili ikitajwa habari ya shamba watu waseme, “Lakini si huwa anawapa nazi?” Sasa ana haja. Ana pia njia ya kuifuata, tena njia ya ukarimu, na kumkatalia mzee anayekupa zawadi ni kazi ngumu kuliko kumjibu mzee anayefoka.

Rasimu ya pili inaweza kuwa hivi:

“Hodi ya tatu ndiyo iliyojibiwa.

‘Karibu, mgeni,’ alisema Mzee Sefu bila kuinuka mkekani.

‘Shikamoo, baba mkubwa.’

Mzee alimwita kwanza kijana aliyekuwa akifua nazi uani. ‘Mfungie dada yako nazi kumi. Zile kubwa.’ Ndipo akamgeukia Rehema. ‘Marahaba. Za huko?’

Rehema akaketi ukingoni mwa mkeka, mkoba mapajani. ‘Mama amenituma karatasi.’

‘Hajambo mama yako?’

‘Hajambo. Amenituma karatasi za shamba.’

‘Kumi zitamtosha? Mwambie asinunue nazi za sokoni, hazina tui.’

Kijana akaleta pakacha, akaliweka miguuni pa Rehema. Rehema akatoa nazi moja, akaigeuza mkononi.

‘Hizi za shamba gani?’

‘Za kwa marehemu,’ alijibu kijana.

Mzee Sefu akakohoa. ‘Nenda kaendelee na kazi.’

‘Asiondoke, baba mkubwa,’ alisema Rehema. ‘Mara ya mwisho mliangua ngapi?’

Kijana alisimama palepale, akawatazama kwa zamu.”

Urefu wa rasimu hizi mbili haupishani sana. Kilichobadilika ni kazi inayofanywa na kila mstari. Taarifa ya kwamba baba amefariki imeingia kwa neno moja, “marehemu”, tena kinywani mwa mtu asiyejua kwamba anatoboa siri. Miaka miwili tumeiacha. Itapata nafasi kwingine, au haitahitajika. Hofu ya Rehema haikutajwa, lakini mtu aliyeketi ukingoni mwa mkeka na kupakata mkoba hajioni yuko kwao. Tena mwishoni kuna badiliko: aliingia akiomba karatasi, anatoka akidai hesabu, na mbele ya shahidi. Onyesho linalofuata limeshaanza kujijenga lenyewe.

Niseme zaidi kuhusu salamu, kwa sababu hapa uandishi wetu wa Kiswahili una tatizo lake na pia utajiri wake. Katika maisha ya kawaida salamu zetu ni ndefu, na si adabu kuingia kwenye shida yako bila kuuliza za nyumbani, za watoto, za kazi. Ukiziandika zote kama zinavyosemwa, nusu ukurasa inaisha bila tukio. Ukiziondoa zote, watu wako wanaonekana hawana malezi. Njia ni tatu. Kama salamu haina jambo, ipitishe kwa sentensi moja: “Walijuliana hali.” Au ingia katikati, salamu zikiwa zimekwisha. Au, na hii ndiyo njia yenye nguvu, ivunje. Shikamoo isiyoitikiwa, marahaba iliyocheleweshwa, hodi ya tatu, mkwe anayemwamkia mdogo wake ili kumkejeli, kijana anayesema “mambo” kwa mtu wa rika la baba yake: msomaji wa Kiswahili anasikia kofi hapo bila msimulizi kumwambia kuna kofi. Pale juu, Mzee Sefu amemwita mtoto wa mdogo wake “mgeni”. Neno hilo moja limefanya kazi ambayo “alikuwa mkali” isingeifanya kwa sentensi kumi.

Vivyo hivyo majina ya kuitana. Rehema anamwita “baba mkubwa”, na jina hilo linambeba mzee kama mwenye wajibu kwa watoto wa nduguye. Angemwita “Mzee Sefu”, vita vingekuwa vimeshatangazwa mlangoni. Ukirudia mswada, pitia kila mahali mtu anapomwita mwenzake, uone kama jina linabadilika pale uhusiano unapobadilika. Mke anayemwita mumewe “Baba Asha” kurasa zote, kisha siku moja akamwita kwa jina lake la kuzaliwa, amekuandikia onyesho zima.

Sasa tuje kwenye lugha, ambayo ni hatua ya mwisho, na nitakaa zaidi kwenye vitenzi. Viambishi vyetu vya wakati ndivyo vinavyoamua kama msomaji yuko ndani ya onyesho au anasikia habari kwa mbali. Chukua “hu-” na “alikuwa aki-”. “Kila Ijumaa Salumu alikuwa akipita kwa fundi, hukaa barazani, huagiza kahawa.” Hayo ni mazoea, hayana siku. Ni sahihi kwa kupitisha miezi, lakini onyesho haliwezi kusimama juu yake. Rasimu nyingi huanza hivyo na kuendelea hivyo ukurasa mzima, na mwandishi haoni kwa nini ukurasa umepoa. Tafuta mahali pa kusema “Ijumaa ile”, kisha shika “-li-”: “Ijumaa ile Salumu alikuta baraza tupu.” Hapo ndipo onyesho linapoanza, na mara nyingi kila kilicho juu ya sentensi hiyo kinaweza kuondoka.

Kisha kuna “-ka-”, ambayo ni zawadi kwa msimulizi wa Kiswahili na inatumiwa ovyo. “Akaingia, akaketi, akavua kofia, akaomba maji, akanywa, akasema.” Matendo yote yamepata uzito sawa, kwa hiyo hakuna hata moja lenye uzito. Ukiona “-ka-” zaidi ya tatu au nne mfululizo, jiulize ni tendo gani kati ya hayo lina maana, ulitoe kwenye mnyororo. Unaweza kulirudishia “-li-”, unaweza kulikanusha. “Akaingia, akaketi. Viatu hakuvivua.” Katika nyumba yenye mkeka au zulia, kila msomaji wetu anajua kilichotokea hapo.

Na “-me-” isaidie kuepuka mbinu rejeshi zisizo na ulazima. Mwandishi anataka tujue kwamba ng’ombe wameuzwa, basi anasimamisha onyesho ili atupeleke wiki mbili nyuma, kwenye mnada. Mara nyingi inatosha mhusika afike na aone hali ilivyo: “Alikuta zizi limefunguliwa, kinyesi kimekauka, kamba zimeviringishwa vizuri ukutani.” Kamba zilizoviringishwa vizuri zinasema ng’ombe hawakuibwa. Muda uliopita tumeupata bila kuondoka mahali tulipo.

Tatizo jingine ni la kiambishi cha nafsi. “A-” na “-m-” hazitofautishi mwanamume na mwanamke, na watu wawili wakiwa chumbani sentensi inaweza kupotea kabisa. “Alimwambia kwamba hakumwona alipoingia chumbani kwake.” Nani aliingia? Chumba cha nani? Mwandishi anajua kwa sababu anaona picha kichwani. Msomaji hana picha hiyo. Dawa ni kutaja: jina, cheo cha ukoo, “yule mzee”, “kijana”. Msiogope kurudia jina. Kurudia “Rehema” mara tatu katika aya moja hakumchoshi msomaji kama kurudi nyuma kutafuta nani amemfanya nani nini. Dawa nyingine ni kuigeuza kauli inayosimuliwa iwe maneno ya mhusika mwenyewe: “‘Sikukuona,’ alisema Asha.” Utata umekwisha.

Katika majibizano, acheni “alisema” na “akajibu” zifanye kazi yao kimyakimya. “Alidakia”, “alihoji”, “alinguruma”, “alimaka” zikifuatana zinamvuta msomaji amtazame mwandishi. Mkiwa na wasemaji wawili tu, mistari miwili au mitatu inaweza kwenda bila kutaja msemaji; ya nne irudishe jina au tendo ili hesabu isipotee. Lahaja nayo itumike kwa kiasi. Mzee wa Mombasa akisema “yuaja” mara mbili katika onyesho, sauti yake imeshasikika. Ukibadilisha kila neno, msomaji wa Mwanza au Bukavu atakuwa anafasiri badala ya kusoma. Na methali muwape wahusika waitumie wao kwa wao, hasa mkubwa anapotaka kufunga mjadala. Mdogo akiimalizia kwa namna nyingine, una onyesho. Methali ya msimulizi mwishoni mwa onyesho ifuteni tu.

Mandhari nitaipitia kwa ufupi. Vitu vitatu vinatosha kwa onyesho la kawaida, mradi viwe vitu vinavyoguswa, vinavyotumiwa au vinavyozuia njia. Vichaguliwe kwa jicho la anayetazama: katika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, muuzaji anatazama macho na matamvua ya samaki, mkusanya ushuru anatazama nani anamkwepa. Ukiwapa wote wawili bahari ya buluu na ndege weupe, hujamwandika hata mmoja.

Kuna kipimo kimoja ambacho watu hukipuuza kwa sababu ni cha kihesabu, nacho kinasaidia sana. Tafuta mahali jambo linapogeuka, mstari wenyewe. Hesabu maneno uliyotumia kufika hapo, kisha hesabu uliyotumia hapo penyewe, tangu mmoja anaposema neno zito hadi mwenzake anapojibu. Kwenye rasimu za kwanza si ajabu kukuta maneno 400 ya safari ya basi na 30 ya mgeuko. Hilo hutokea kwa sababu safari ni rahisi kuandika, na mgeuko unatutia woga, kwa hiyo tunaukimbia kwa “alilia sana”. Punguza safari hadi maneno 50 au uiondoe. Pale pa mgeuko kaa. Mikono inafanya nini? Nani ameangalia pembeni? Nani mwingine amesikia? Neno gani lilitaka kutoka likabadilishwa njiani?

Mnaoandika hadithi za mfululizo kwa simu mna shinikizo la kumaliza kila sehemu kwa taharuki. Sawa, lakini taharuki ni deni. Sehemu ikiisha kwa mlango kugongwa usiku na ya kesho ikafungua kwa paka, msomaji amekopwa na hajalipwa, na mara ya tatu hatarudi. Malizeni kwa uamuzi wa mhusika ambao matokeo yake hayajulikani. Huo hauhitaji hila.

Mkishamaliza hatua kubwa, tumieni kitufe cha kutafuta katika programu ya kuandikia. Tafuteni “ghafla”, “mara”, “alihisi”, “sana”, “kwa hasira”, “kwa huzuni”. Msiyafute yote kwa mkupuo. Simameni kwa kila moja na mwulize limeficha nini. Nyuma ya “alihisi hofu” kwa kawaida kuna tendo ambalo mwandishi hakulitafuta. Angalieni pia msiibadilishe hofu kwa moyo kwenda mbio na kijasho chembamba, maana hivyo navyo vimechakaa.

Kisha soma kwa sauti. Ukurasa wa maneno 300 utakuchukua kama dakika tatu, kwa hiyo onyesho la maneno 1,200 ni dakika kumi na mbili hivi. Hakuna asiyeweza kuzipata. Pale ulimi unapojikwaa, weka alama na uendelee bila kurekebisha. Pale unapojikuta unasoma haraka ili upite, weka alama mbili: hapo wewe mwenyewe umechoka. Ikiwezekana mpe mtu mwingine asome, wewe usikilize na karatasi yako. Atakayesoma mistari ya Mzee Sefu kwa sauti isiyo yake atakuonyesha kama maneno yenyewe yanabeba ubaridi ule au ulikuwa unautia wewe kwa kuusikia kichwani.

Yapo maonyesho ambayo baada ya yote haya bado hayabadilishi kitu. Usiyalazimishe. Jaribu kwanza kuyaunganisha: kama onyesho la saba linaleta taarifa na la nane linaleta ugomvi, taarifa itoke katikati ya ugomvi. Ikishindikana, lifanye muhtasari wa sentensi moja au mbili, “Miezi minne Rehema hakukanyaga Pangani,” na usonge mbele. Ulilolitoa lihifadhi kwenye faili lake, usilitupe. Jina la mtu, kauli moja, mkoba mapajani, vinaweza kupata nyumba kwingine.

Waliokuja na miswada, naomba mtoe onyesho lenu la tatu, maana la kwanza huwa limeshapambwa mno. Mpe jirani yako wa kushoto. Asome ukurasa mmoja tu, kisha aandike juu yake kwa kalamu: nani anataka nini. Mwenye mswada asimsaidie kwa neno lolote. Tuna dakika kumi na tano.